Barabara ni ya Nani? Baiskeli na Suala la Usafiri Mijini

UTANGULIZI

Katika vikao vingi suala la usafiri mijini huachiwa wahandisi. Hujadiliwa upana wa lami, idadi ya madaraja ya juu na masharti ya mkopo, kisha kikao hufungwa. Swali la kwanza kabisa haliulizwi: barabara hii inajengwa kwa ajili ya nani?

Barabara ni ardhi ya umma. Hujengwa kwa kodi ya umma, na mara nyingi kwa deni litakalolipwa na umma. Kusema sehemu hii ipite gari, sehemu hii ipite basi, na sehemu hii apite mwenda kwa miguu, ni kugawa mali. Popote mali ya umma inapogawanywa pana siasa, hata kama wagawaji wenyewe hawapendi kuiita hivyo.

Katika makala hii tunakichukua chombo kimoja tu, baiskeli, na kukitumia kama kipimo. Tumekichagua kwa sababu. Gari la mtu binafsi hupata njia bila kuomba. Mwenda kwa miguu, akinyimwa njia, hujipenyeza pembeni ya mtaro. Lakini mpanda baiskeli asipotengewa njia hana pa kwenda: akiingia barabarani anagongwa, akipanda kwenye njia ya waenda kwa miguu anawagonga wenzake. Kwa hiyo hali ya mpanda baiskeli katika mji wowote hutuonyesha upesi mji huo umegawanywa kwa faida ya nani.

Hoja yetu ni hii. Baiskeli huingia mjini kwa njia mbili: huletwa na dhiki, au huletwa na uamuzi. Baiskeli iliyoletwa na dhiki peke yake huondoka dhiki inapolegea. Baiskeli iliyopewa sehemu yake ya barabara, na ambayo wananchi wamejifunza kuitetea, hubaki hata utajiri unapokuja. Tutalithibitisha jambo hili kwa historia ya miji mitatu, Beijing, Havana na Groningen, kisha tutarudi nyumbani, Dar es Salaam.

CHOMBO NA UWEZO WAKE

Tuanze na chombo chenyewe, maana uchambuzi usioanzia kwenye hali halisi ya mambo huishia kuwa mahubiri.

Mtu mzima atembeapo kwa mwendo wa kawaida huenda kilometa 5 hivi kwa saa. Akipanda baiskeli ya kawaida, bila kujitesa, huenda kilometa 15. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa nusu saa mwenda kwa miguu hufika umbali wa kilometa mbili na nusu. Mpanda baiskeli hufika saba na nusu. Lakini mtu hatafuti kazi katika mstari mmoja. Huitafuta kila upande wa nyumba yake. Tukipiga hesabu ya eneo, nusu saa ya miguu inamfungulia mtu kama kilometa za mraba 20, na nusu saa ya baiskeli inamfungulia zaidi ya 170. Umbali umezidishwa mara tatu, eneo limezidishwa mara tisa. Hata tukiondoa sehemu iliyo bahari, kwa kibarua anayeamka asubuhi bila kujua leo atapata kazi wapi, mara tisa ni viwanda, masoko na majengo ambayo jana yalikuwa mbali mno.

Pili, baiskeli haili mafuta. Kila lita ya petroli inayochomwa katika foleni imenunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zimetokana na jasho la mkulima wa korosho, kahawa au pamba. Tatu, baiskeli haina tamaa ya ardhi. Mahali pa kuegesha gari moja zinaenea baiskeli kumi. Nne, matengenezo yake yamo mikononi mwa wananchi wenyewe. Fundi wa chini ya mwarobaini, mwenye pampu, spana chache na gundi ya kuziba pancha, anaweza kurekebisha breki, kukaza spoku na kubadili mnyororo bila kusubiri mtaalamu.

Hata hivyo tusiipambe. Baiskeli haimfai kila mtu wala kila safari. Mzee, mgonjwa, mama mwenye watoto wawili wadogo, na mfanyakazi anayeishi kilometa 20 kutoka kazini wanahitaji basi. Baiskeli haishindani na basi. Kazi yake ni kumaliza safari fupi, na kumfikisha mtu kituoni kwa safari ndefu. Mshindani wa vyote viwili ni gari linalombeba mtu mmoja na kukalia nafasi ya watu wengi.

NADHARIA YA NGAZI

Kabla ya kutazama miji tuliyoitaja, hatuna budi kuling'oa wazo moja lililoota mizizi vichwani mwa viongozi na wananchi pia. Tuliite nadharia ya ngazi. Kwa nadharia hii, usafiri ni ngazi yenye vidato: chini kabisa ni miguu, juu yake baiskeli, kisha pikipiki, na kileleni gari. Mtu hupanda, taifa nalo hupanda. Anayebaki kwenye baiskeli amechelewa, na anayeiacha amepiga hatua.

Wazo hili lina sura ya maendeleo, lakini ndani yake mna kasumba. Linakipima chombo kwa cheo cha anayekipanda, badala ya kukipima kwa kazi kinayofanya. Nalo lina matokeo mabaya katika mipango. Kiongozi anayeamini kwamba baiskeli ni kidato cha kupita hataona sababu ya kuijengea njia. Atasema: kwa nini tutumie fedha kwa chombo ambacho wananchi watakiacha wakipata uwezo? Na kwa kuwa haijengewi njia, baiskeli huwa ya hatari. Kwa kuwa ni ya hatari, kila apataye uwezo huiacha. Na kiongozi husema, mnaona, nilisema wataiacha. Hivyo nadharia ya ngazi hujithibitisha yenyewe kwa kuwanyima watu njia nyingine.

BEIJING: NJIA ILIYOTOLEWA NA KUNYANG'ANYWA

Baada ya mapinduzi ya 1949, China iliifanya baiskeli kuwa bidhaa ya mpango wa taifa. Viwanda vya Tianjin na Shanghai vilitoa Flying Pigeon, Forever na Phoenix. Hii ya mwisho wasomaji wetu wanaijua vizuri, maana imebeba mkaa, maziwa na wagonjwa katika mikoa yetu mingi. Kwa muda mrefu baiskeli nchini China ilinunuliwa kwa kibali, nayo ilihesabiwa pamoja na saa, cherehani na redio kuwa mali ambayo kila familia changa iliitamani. Barabara kuu za Beijing zilikuwa na njia pana za pembeni zilizotenganishwa na magari. Katikati ya miaka ya 1980 zaidi ya nusu ya safari za mji huo zilifanywa kwa baiskeli.

Kisha uamuzi ukabadilika. Mwaka 1994 serikali ilitangaza sera iliyoufanya utengenezaji wa magari kuwa moja ya nguzo za uchumi, na watu binafsi wakahimizwa kununua. Njia za baiskeli zilipunguzwa, au ziligeuka maegesho. Baada ya 2010 sehemu ya baiskeli ilikuwa imeshuka chini ya moja ya tano ya safari zote. Na je, magari yalikwenda mbio? Foleni na moshi vilizidi hata mwaka 2011 Beijing ikaanza kugawa vibao vya namba za magari kwa bahati nasibu, ili kuzuia magari yasiongezeke. Mwaka 2019 mji huohuo ulifungua njia maalumu ya baiskeli yenye urefu wa kilometa 6.5, ya kuwapeleka wafanyakazi kutoka Huilongguan wanakoishi hadi Shangdi kwenye kazi zao.

Baiskeli haikushindwa kazi Beijing. Ilinyang'anywa ardhi. Ilinyang'anywa kirahisi kwa kuwa viongozi na wananchi pia walikuwa wameihesabu kuwa kidato cha kupita. Njia ilitolewa kutoka juu, na kutoka juu ikaondolewa. Chini hapakuwa na umma uliojipanga kuitetea.

HAVANA: BAISKELI YA DHIKI

Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, Cuba ilipoteza karibu kwa mkupuo mafuta iliyokuwa ikiyapata kwa masharti nafuu, nayo tayari ilikuwa imebanwa na vikwazo vya Marekani. Mabasi ya Havana yalisimama. Serikali iliagiza kutoka China baiskeli zaidi ya milioni moja, na viwanda vya ndani vikaanza kutengeneza nyingine. Wafanyakazi na wanafunzi waligawiwa. Kwa kuwa njia ya chini ya ghuba ya Havana haikufaa kupitwa kwa baiskeli, yalitengenezwa mabasi maalumu yaliyobeba watu pamoja na baiskeli zao hadi ng'ambo.

Hatuna budi kuuheshimu ushujaa huo. Mji mkubwa uliendelea kufanya kazi wakati ambapo kwa hesabu za kawaida ungekufa. Lakini hatuna budi pia kutazama kilichofuata. Baiskeli zile zilikuwa nzito. Watu walizipanda wakiwa na njaa, maana chakula nacho kilikuwa kimepungua. Kwa hiyo katika kumbukumbu za wengi baiskeli iliungana na miaka ya njaa. Mafuta yalipoanza kupatikana tena, hasa kutoka Venezuela katika miaka ya 2000, wengi waliziweka pembeni.

Somo la Havana ni kwamba kugawa vyombo hakutoshi. Serikali inaweza kumpa kila mfanyakazi baiskeli, na bado isijenge mji wa baiskeli, iwapo chombo hicho kinaelezwa na kueleweka kuwa dawa chungu ya kipindi cha shida.

GRONINGEN: UAMUZI ULIOTETEWA

Sasa twende Uholanzi. Baadhi ya makada watauliza: tujifunze nini kwa nchi ya kibepari, iliyoitawala Indonesia kwa karne nyingi, na ambayo wakati tunaouzungumzia ilikuwa na makao ya Royal Dutch Shell, moja ya kampuni kubwa kabisa za mafuta duniani? Tunajibu kwamba hapo ndipo penye somo. Ikiwa baiskeli iliweza kujitetea katika nchi ya namna hiyo, basi nadharia ya ngazi imekufa.

Wengi hudhani Waholanzi wamezaliwa wakipanda baiskeli. Si kweli. Walikuwa nazo nyingi kabla ya Vita Kuu ya Pili, lakini katika miaka ya 1950 na 1960, utajiri ulipoongezeka, walianza kuziacha kama watu wengine. Mitaa ilibomolewa ili kupanua barabara, na viwanja vya masoko vya kale viligeuzwa maegesho. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000 katika nchi hiyo ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto.

Hapo ndipo wazazi walipoinuka. Mwaka 1973 kiliundwa chama kilichojiita Stop de Kindermoord, yaani Komesheni Mauaji ya Watoto. Jina hilo peke yake lilikuwa uchambuzi wa kisiasa. Kabla yake kifo cha mtoto barabarani kiliitwa ajali, yaani bahati mbaya. Wazazi hawa walikataa neno hilo. Walisema watoto wanakufa kwa sababu ya mgawanyo wa barabara, na mgawanyo huo una wenyewe walioupitisha. Walizuia mitaa, waliandamana kwa baiskeli, walitandika meza na kula chakula katikati ya barabara. Mwaka huohuo nchi za Kiarabu ziliwekea Uholanzi vikwazo vya mafuta, na kuanzia tarehe 4 Novemba 1973 serikali ilipiga marufuku magari siku za Jumapili kwa majuma kadhaa. Wananchi walitembea katikati ya barabara kuu na kuona kwa macho yao mji unavyoweza kuwa.

Tuangalie kwa makini. Dhiki ya mafuta ilikuwapo Uholanzi kama ilivyokuwapo baadaye Havana. Lakini dhiki ilikuta umma uliokwisha kujipanga na wenye madai. Kwa hiyo ilipokwisha, madai yalibaki.

Katika mji wa Groningen, kaskazini mwa nchi, baraza la mji lililoongozwa na vyama vya mrengo wa kushoto, na ndani yake mjumbe kijana wa chama cha wafanyakazi, Max van den Berg, lilitunga mpango ulioanza kutekelezwa tarehe 19 Septemba 1977. Haukuhitaji madaraja wala mikopo mikubwa. Katikati ya mji paligawanywa mafungu manne. Mwenye gari aliruhusiwa kuingia katika kila fungu, lakini hakuruhusiwa kuvuka kutoka fungu moja hadi jingine. Akitaka kufanya hivyo ilimlazimu arudi nje hadi barabara ya mzunguko, kisha aingie upya. Mpanda baiskeli, mwenda kwa miguu na basi walipita moja kwa moja. Kwa vibao, mitaa ya upande mmoja na vizuizi vichache, safari fupi kwa baiskeli ikawa ndefu kwa gari.

Wafanyabiashara wengi wa katikati walipinga kwa nguvu. Walisema mji utakufa na wateja watakwenda kwingine. Baraza halikurudi nyuma. Mji haukufa. Leo, katika mji huo wenye mvua, upepo na baridi kali, na ambao wakazi wake ni matajiri kupita kiasi kwa vipimo vya dunia, safari kama sita katika kila kumi zinazofanyika ndani ya mji ni za baiskeli. Na katika Uholanzi nzima vifo vya barabarani, ambavyo vilizidi 3,000 mwaka 1971, katika miaka ya karibuni havijafika 800 kwa mwaka, ingawa watu na magari vimeongezeka sana.

DAR ES SALAAM: MGAWANYO TULIOURITHI

Turudi nyumbani. Dar es Salaam ya kikoloni iligawanywa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mgawanyo huo haukuwa wa nyumba tu. Ulikuwa pia wa barabara. Lami, miti ya kivuli na njia za pembeni vilikwenda walikokaa watawala. Makuli wa bandarini na watumishi wa majumbani waliotoka Kariakoo na Ilala walifika kazini kwa miguu, na wachache wenye uwezo kwa baiskeli.

Baada ya Azimio la Arusha, hatua za kweli zilichukuliwa. Kampuni binafsi ya mabasi ya mji ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likaundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Kiwanda cha taifa cha baiskeli, NABICO, kilijengwa Dar es Salaam na kutengeneza baiskeli zetu wenyewe. Haya yalikuwa mambo makubwa, na anayeyabeza hajui tulikotoka. Lakini kujikosoa ni wajibu. Tulitengeneza chombo, hatukukitengea njia ya kutosha. Tuliyatwaa mabasi, tukauacha mgawanyo wa barabara karibu kama tulivyoukuta. Mabasi yalipopungua kwa uhaba wa vipuri na fedha za kigeni, mfanyakazi hakuwa na njia ya pili iliyo salama. Mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa, nayo yakaitwa daladala kwa ajili ya ile sarafu ya shilingi tano, dala. Baadaye zikaja pikipiki, na kijana ambaye zamani angenunua Phoenix akakopa bodaboda.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Dar es Salaam watu 4,364,541. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Kwa miaka kumi mji umeongezewa watu zaidi ya milioni moja. Hakuna upanuzi wa barabara utakaowatosha wote wakiwa na magari.

Nani hupanda baiskeli katika mji huu? Ni muuza madafu mwenye mzigo uliofungwa nyuma kwenye karia. Ni mleta mkaa anayeingia alfajiri kutoka Mkuranga na Kisarawe. Ni muuza samaki anayetoka Feri, mlinzi anayerudi asubuhi, fundi mwashi mwenye mwiko na pimamaji ndani ya kiroba. Na usafirishaji wa mizigo umezaa ndugu wa baiskeli, guta la magurudumu matatu. Hawa ndio wanaoulisha mji. Katika michoro ya barabara hawaonekani.

Mwezi Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi kati ya Kimara na Kivukoni, na kando ya barabara hiyo zilijengwa pia njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Hatua hiyo ilikuwa sahihi. Lakini kila aliyepita hapo anajua jinsi njia hizo zilivyoingiliwa mara kwa mara na pikipiki, meza za biashara na magari yaliyoegeshwa. Wengine hupenda kuwalaumu wamachinga. Tutazame vizuri. Mpanda baiskeli, mwenda kwa miguu, dereva wa bodaboda na mama anayeuza machungwa wote ni watu wa tabaka moja, nao wanagombania meta mbili. Ng'ambo ya ukingo gari moja lenye mtu mmoja limekaa kimya katika meta tatu, likipulizia abiria wake ubaridi. Ugomvi wa wanyonge wao kwa wao ni dalili ya mgawanyo mbaya. Usichukuliwe kuwa ndio chanzo chake.

Na gharama hulipwa kwa damu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani. Zaidi ya nusu walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, na tisa katika kila kumi walikufa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambazo, kwa kulinganisha na idadi ya watu wake, zina magari machache kuliko nchi tajiri. Wenye magari machache wanakufa zaidi. Huo ndio unyonyaji katika sura yake iliyo wazi kuliko zote.

HOJA ZINAZOTOLEWA

Hoja ya kwanza husema: Dar es Salaam ni joto mno. Ni kweli kuna joto na unyevu. Lakini muuza madafu hupanda katika joto hilohilo, tena na mzigo. Dawa ya joto ni kivuli, na miti hukatwa kila barabara inapopanuliwa.

Hoja ya pili: mji umetawanyika, watu wanakaa mbali. Hili lina uzito. Mbagala na Gongo la Mboto ni mbali. Lakini Keko, Ilala, Magomeni na Kinondoni zote ziko ndani ya kilometa saba hivi kutoka bandarini na katikati ya mji, na sehemu kubwa ya njia ni tambarare. Kwa walio mbali, baiskeli imfikishe mtu kwenye kituo cha basi, na kituoni pawe na mahali pa kuiacha bila kuibiwa.

Hoja ya tatu: wanawake hawapandi. Tujiulize ni nani aliyeichora barabara inayomtisha hata kijana shupavu. Safari nyingi fupi za mji, sokoni, zahanati, shuleni, zinafanywa na wanawake. Penye njia salama Groningen wanawake hupanda sawa na wanaume. Mila hubadilika hali halisi inapobadilika.

Hoja ya nne haisemwi vikaoni, lakini ndiyo yenye nguvu kuliko zote: baiskeli ni aibu. Kiongozi akionekana juu yake watu watasema amefilisika. Hapa tunarudi kwenye kasumba. Kiongozi anayeitazama barabara siku zote kupitia dirisha la gari lililofungwa vioo hataona shimo lililo pembeni ya mtaro, hatajua makutano gani humuua mtu, wala hatasikia mvumo wa lori nyuma ya kisogo chake. Hana nia mbaya. Amekaa tu mahali ambapo ukweli haumfikii.

KAZI YA KADA

Tumeona mji uliopewa njia ukanyang'anywa, mji uliopewa vyombo ukaviacha, na mji ulioamua na kuutetea uamuzi wake. Kutokana na hayo tunapendekeza kazi zifuatazo kwa kada popote alipo, katika tawi, katika halmashauri au chuoni.

(a) Mchoro wa barabara unapoletwa mbele ya kikao, aulize kwanza: ni watu wangapi watapita hapa kwa miguu, kwa baiskeli, kwa basi na kwa gari, na kila kundi limepewa meta ngapi? Mhandisi mwenye jibu aheshimiwe. Asiye na jibu arudishwe akahesabu.

(b) Njia ya baiskeli isihesabiwe kuwa pambo litakaloondolewa fedha zikipungua. Iwe sehemu ya barabara kama mtaro ulivyo sehemu ya barabara, iwe na ukingo unaozuia magari, na isikatike kwenye makutano, maana hapo ndipo watu wanapokufa.

(c) Wauza madafu, waleta mkaa, wasukuma maguta na wapanda baiskeli wengine wakutane na kusema wenyewe. Dar es Salaam tayari wapo wapanda baiskeli waliojiunga katika umoja wao na kudai njia. Njia iliyotolewa bila wao kuidai itanyang'anywa bila wao kuulizwa. Hilo ndilo somo la Beijing.

(d) Mafundi wa baiskeli na guta wathaminiwe. Chombo kisicho na fundi mtaani ni chuma chakavu.

(e) Kabla ya kupiga kura juu ya barabara yoyote, mjumbe aipite barabara hiyo kwa baiskeli, asubuhi, wakati wa kwenda kazini, si mara moja kwa ajili ya picha bali kwa juma zima. Asiyeweza kwa umri au afya aipite kwa miguu.

Pendekezo hili la mwisho wengine watalicheka. Lakini tunaamini kwamba juma moja juu ya tandiko la baiskeli, katikati ya malori na daladala, lina mafunzo ya itikadi kuliko semina nyingi. Mjumbe atakayerudi salama kutoka safari hiyo atajua jibu la swali tuliloanza nalo. Atajua barabara ni ya nani leo. Na atakapoinua mkono wake kikaoni, hatakuwa na udhuru wa kusema hakujua.